Goti la mchezaji wa kike: kulilinda, kulihudumia likichanika, na kulirudisha uwanjani

Siku ukienda kutazama netiboli ya shule, acha kuufuata mpira kwa dakika chache, utazame miguu ya anayeudaka. Sheria za mchezo huo hazimruhusu kukimbia na mpira. Mguu uliotangulia kutua anaweza kuuinua, lakini haurudi chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Kwa hiyo binti aliyekuja kwa kasi inambidi asimame palepale, mara nyingi kwa mguu mmoja, mwili ukiwa bado na mwendo na macho yakimtafuta mwenzake. Mara yuko chini, ameshika goti. Ukiuliza nani kamchezea rafu, hakuna. Hakuguswa.

Kwenye soka, kikapu, wavu na mpira wa mikono hali ni hiyohiyo. Takribani majeraha saba kati ya kumi ya ligamenti ya mbele ya goti hutokea bila mchezaji kugongwa: anatua kutoka juu, anapiga breki, au anageuka ghafla kumkwepa mpinzani. Na msichana yumo hatarini mara mbili hadi tatu zaidi ya mvulana anayecheza mchezo huohuo. Zipo tafiti zinazotaja kiwango kikubwa kuliko hicho. Hata klabu tajiri hazijapona. Msimu wa 2022/23 Arsenal ya wanawake ilipoteza wachezaji wanne kwa jeraha hili moja: Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither. Kombe la Dunia la 2023 likachezwa Australia na New Zealand bila Mead, Miedema na Williamson, ambaye alikuwa nahodha wa Uingereza.

Nawaandikia kocha wa shule, mzazi, na mchezaji mwenyewe. Ninachotaka mkiamini ni kwamba kutua na kugeuka ni mambo ya kufundishwa, kama vile kupiga pasi kunavyofundishwa, na yanafundishika hata pale ambapo hakuna jimu wala daktari wa timu.

Kinachochanika

Goti lina ligamenti kubwa nne. Ligamenti ni mkanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje. Nyingine mbili zimekatizana katikati ya goti. Ya mbele kati ya hizo mbili za katikati ndiyo utakayoiona imeandikwa ACL kwenye karatasi ya daktari. Inauzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, na inalizuia goti lisijisokote.

Ligamenti ya pembeni upande wa ndani ikichanika kidogo, mara nyingi hupona kwa wiki kadhaa za matunzo. ACL ikikatika kabisa ni habari nyingine, kwa kawaida haiungi tena ikawa kama ilivyokuwa. Tena mara nyingi haiumii peke yake. Kati ya mfupa wa paja na wa muundi kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, ziitwazo menisko, na mara nyingi moja yao huchanika siku hiyohiyo. Goti linaloachwa likicheza-cheza bila ACL huendelea kuzisaga gegedu hizo kila linapoteguka, na hapo ndipo yanapoanzia maumivu ya goti ya mwanamke wa miaka thelathini na mitano ambaye hata mpira alishauacha.

Wataalamu waliochambua video za mechi waligundua kwamba ACL huchanika takribani milisekunde 40 baada ya mguu kugusa ardhi. Ni muda mfupi kuliko kufumba jicho. Mchezaji hawezi kukumbuka maelekezo ya kocha katika muda huo. Mwili utafanya ulichozoea kufanya.

Kwa nini wasichana zaidi

Sababu ni nyingi na zimechanganyika. Nyonga za wanawake ni pana zaidi, kwa hiyo paja linashuka kwa mshazari kuelekea goti. Nafasi inakopita ACL ndani ya goti kwa wengi wao ni nyembamba. Homoni za kike huweza kulegeza ligamenti kidogo, ingawa tafiti kuhusu siku za hatari katika mzunguko wa hedhi bado zinapingana, na mimi simshauri kocha yeyote apange kikosi kwa kuhesabu siku hizo.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni misuli na malezi ya mwili. Mvulana akibalehe, urefu na nguvu huja pamoja. Msichana huongezeka urefu na uzito, lakini asipofanya mazoezi ya nguvu misuli haiongezeki kwa kiwango hicho. Akitua, anatua goti likiwa karibu limenyooka, anategemea misuli ya mbele ya paja, na ile ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo msaidizi mkuu wa ACL, inachelewa kukaza. Ongeza hapo maisha yenyewe. Kaka yake amekulia barazani na kwenye viwanja vya vumbi, anaruka mitaro na kusukumana tangu ana miaka mitano. Yeye saa za mchezo alikuwa anachota maji na kuosha vyombo. Anafika kidato cha kwanza ana kimo na mbio, anachaguliwa timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, na ndani ya wiki tatu za kambi anatakiwa acheze mechi kila siku. Nyonga yake kocha hawezi kuibadilisha. Hizo wiki tatu anaweza.

Umri mzuri wa kuanza kinga ni miaka 12 au 13, kabla mazoea mabaya hayajakomaa. Aliyepita umri huo naye hajachelewa.

Hatua ya kwanza: mrekodi akitua

Kabla ya kufundisha, jua nani anahitaji zaidi. Utahitaji simu yenye kamera na kitu imara chenye kimo cha sentimita 30 hivi, kama ngazi ya jukwaa au boksi la mbao. Mchezaji avae kaptura ili magoti yaonekane. Asimame juu, ajidondoshe chini kwa miguu yote miwili, na papo hapo aruke juu kadiri awezavyo kama anayedaka mpira. Mrekodi kutoka mbele, simu ikiwa usawa wa magoti yake, kisha kutoka ubavuni. Arudie mara tatu.

Icheze video polepole na uisimamishe pale magoti yalipokunjika zaidi. Kwa mbele, goti linatakiwa liwe juu ya vidole vya mguu, likielekea upande wa kidole cha pili. Yakikaribiana kama yanataka kugusana, huyo ndiye wa kumfanyia kazi kwanza. Kwa ubavuni tazama kama magoti na nyonga vinakunjika, au kama anatua wima na kishindo kinasikika. Sikio lako nalo ni kipimo kizuri: anayetua vizuri hasikiki sana.

Halafu mwonyeshe video yake. Maneno ya kocha hupita, lakini msichana akiliona goti lake mwenyewe likiingia ndani huwa anaelewa mara moja. Muulize kwanza kama yuko radhi kurekodiwa, mwonyeshe peke yake, na ifute ukimaliza. Picha za wasichana wakiwa na kaptura si za kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hatua ya pili: dakika ishirini, angalau mara mbili kwa wiki

Kupasha misuli kwa kuzunguka uwanja mara nne na kujinyoosha ukiwa umesimama hakulindi goti. Kuna programu iliyopimwa na inapatikana bure, FIFA 11+, iliyotolewa mwaka 2006. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu na inachukua takribani dakika 20. Huko Norway ilijaribiwa kwa wasichana 1,892 wa soka wenye miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: kwenye timu zilizoifanya, majeraha kwa jumla yalikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Ukizijumlisha tafiti za programu za namna hii kwa wanamichezo wa kike, majeraha ya ACL yanapungua kwa karibu nusu. Wacheza netiboli wana yao pia, Netball Australia wameiita KNEE, na misingi yake ni ileile.

Inaanza na dakika nane za kukimbia taratibu, wachezaji wakiwa wawili wawili: kwenda moja kwa moja, kukimbia huku wakifungua nyonga nje kisha kuifunga ndani, kumzunguka mwenzako kwa hatua za ubavu, kuruka na kugusana mabega hewani kisha kutua kwa miguu miwili, na mwisho kwenda mbele kwa kasi na kurudi nyuma.

Dakika kumi zinazofuata ndizo zenye kazi, na ndizo makocha wengi wanaozikata wakiona jua linazama. Kwanza tumbo na kiuno: alale kifudifudi ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka, sekunde 20 hadi 30, mara tatu; kisha ubavu kwa ubavu muda huohuo. Kiuno kikiyumba, goti litafuata.

Halafu misuli ya nyuma ya paja. Apige magoti kwenye nyasi au juu ya kanga iliyokunjwa, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu, naye ajishushe mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, ajizuie kwa paja hadi atakaposhindwa, kisha adake kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinamtosha anayeanza. Kesho yake atalalamika kwamba hawezi kukaa chini vizuri, ni kawaida, ila usimwongezee idadi wiki hiyohiyo.

Baada ya hapo asimame kwa mguu mmoja huku ameshika mpira, sekunde 30, kila mguu mara mbili. Akishaweza, warushiane mpira wakiwa wamesimama hivyo, na baadaye wajaribu kusukumana kidogo ili kila mmoja amyumbishe mwenzake. Kisha kuchuchumaa kama anayekalia kiti, sekunde 30, mara mbili, na baada ya wiki kadhaa ahamie kwenye hatua ndefu za kutembea akishusha goti la nyuma karibu na ardhi. Muda wote goti la mbele lifuate vidole.

Mwisho wa sehemu hii ni kuruka: juu, kwa ubavu, mbele na nyuma, kwa sekunde 30 mara mbili. Hapa kocha asimame mbele ya wachezaji, aweke simu mfukoni, na atazame magoti. Maelekezo mafupi yanaingia kuliko hotuba. "Tua kimya." "Kunja goti." "Kalia kiti." Zoezi likifanywa vibaya mara ishirini, umemfundisha mara ishirini namna ya kuchanika.

Dakika mbili za kumalizia ni mbio za kasi ya robo tatu, hatua ndefu za kuruka, na kukimbia ukikata kona kwa ghafla. Wafundishe kukata kwa hatua mbili tatu fupi badala ya kupiga breki kwa mguu mmoja ulionyooka uliotupwa mbali na mwili. Kwa netiboli, ongeza kudaka hewani na kutua kwa miguu miwili, na pale anapolazimika kutua kwa mmoja, goti likunjike na kifua kielekee kule mguu unakoelekea.

Mara mbili kwa wiki ndicho kiwango cha chini, tatu ni bora, msimu mzima. Kwenye data za Norway, timu zilizoifanya mara kwa mara ndizo zilizoumia kidogo. Siku ya mechi fanya mbio tu, sehemu ya kwanza na ya tatu.

Viatu, uwanja, chakula

Njumu nyingi sokoni zimetengenezwa kwa kufuata mguu wa mwanaume, na kwenye timu za shule utakuta jozi moja inavaliwa na wachezaji wawili kwa zamu. Kiatu kikubwa kinaruhusu mguu kucheza ndani. Njumu ndefu kwenye nyasi za bandia au ardhi kavu zinaung'ang'aniza wayo chini wakati mwili unageuka, na hilo la pili ni hatari kuliko la kwanza. Uwanja mgumu, tumia njumu fupi na nyingi, au raba za kawaida. Mashimo na mawe yaondolewe kabla ya mechi.

Bandeji za goti zinazouzwa maduka ya dawa hazizuii ACL kuchanika. Zinampa mtu ujasiri tu.

Chakula kinastahili neno zaidi. Mchezaji anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku kwa chai kavu asubuhi na ugali wa jioni, misuli yake haijengeki, anachoka mapema, na aliyechoka hutua vibaya. Dalili ya wazi kwamba mwili umepungukiwa ni kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo ilhali si mjamzito. Kama kocha ni mwanaume, suala hili likae kwa matroni au mwalimu wa kike ambaye mabinti wanamwamini, lakini lisiachwe bila mwenyewe.

Hatua ya tatu: ameanguka, sasa hivi

Wengi waliochanika ACL husimulia mlio, "pa!", ndani ya goti, au hisia ya kitu kuteleza kikarudi. Maumivu makali huja, kisha huweza kupungua baada ya dakika chache, na mchezaji mwenyewe anaomba kurudi. Usimrudishe. Goti lililochanika ACL linaweza kumbeba mtu akitembea kwa kunyooka na kumwangusha mara tu anapogeuka, na safari hii gegedu nazo zinakwenda. Kipimo rahisi cha pembeni ya uwanja ni uvimbe: goti likivimba ndani ya saa mbili hivi, mara nyingi ni damu imejaa ndani, na hilo lazima lionwe na daktari.

Mwondoe kwa kumbeba au kumwegemeza, mguu ulioumia usikanyage. Funga goti kwa bandeji ya mvutano, isiwe ya kubana hadi vidole vife ganzi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kanga au taulo, dakika 15 hadi 20, urudie kila baada ya saa mbili au tatu siku hiyo na ya pili. Barafu zile za vifuko zinazouzwa mtaani zinafaa kabisa. Mguu uinuliwe juu ya begi. Paracetamol inatosha kwa maumivu.

Sasa yale ya kukataa. Atakuja mtu, pengine mwenye nia njema kabisa, na dawa ya kuchua, maji ya moto, au mikono ya "kurudisha goti mahali pake". Kuchua na kukanda kwa moto siku za mwanzo kunaongeza damu na uvimbe, na kulivuta goti ambalo huenda lina mfupa uliovunjika kunaweza kumlemaza. Mama au bibi akisisitiza, usibishane naye mbele ya mgonjwa. Mwambie kwa heshima, "Bibi, tusubiri kwanza picha ya mfupa."

Yapo mambo yanayohitaji hospitali saa hiyohiyo: goti limepinda au limehama, wayo umekuwa baridi, umepauka au umekufa ganzi, au hawezi kabisa kukanyaga hatua nne. Wayo baridi maana yake huenda mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti umeumia, na hapo mguu wenyewe uko hatarini. Goti lililokwama, halinyooki hata likisaidiwa, lionwe ndani ya siku chache, kwa sababu huenda kipande cha menisko kimeingia katikati.

Hatua ya nne: kupata jibu sahihi

Zahanati au kituo cha afya watampiga eksirei au watamtuma hospitali ya wilaya akapigwe. Eksirei haionyeshi ligamenti. Ikirudi safi, watu hushangilia: "hakuna kitu, ni msuli tu." Huko ndiko wasichana wengi wanakopotelea. Wanapumzishwa wiki tatu, uvimbe unaisha, wanarudi uwanjani, goti linateguka tena.

Muombe daktari au mtaalamu wa fiziotherapia alipime goti kwa mikono. Atalikunja kidogo, ashike paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, auvute muundi mbele alinganishe na mguu mzima. Kipimo hicho kinaitwa Lachman, hakina gharama ya mashine, na mikononi mwa anayekijua kinagundua ACL iliyokatika kwa uhakika mkubwa. Tatizo ni kwamba siku za kwanza goti limejaa na misuli imekaza, kipimo hakisomeki. Rudi baada ya siku 10 hadi 14 lipimwe upya. MRI, picha ya mashine inayoonyesha hata sehemu laini za ndani ya goti, huja baadaye, hasa kuangalia gegedu, na kabla ya kwenda uliza bima kama inaigharamia. Kwa Tanzania, rufaa za namna hii huishia kwa mabingwa wa mifupa wa hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili au KCMC Moshi.

Wakati unasubiri rufaa usikae bure. Goti linyooke kabisa, uvimbe ushuke, misuli ya mbele ya paja iamke. Anayeingia chumba cha upasuaji na goti gumu hutoka na goti gumu zaidi.

Hatua ya tano: kupasuliwa au kutopasuliwa

Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa hii si dharura, na hiyo ni habari njema kwa familia inayochangishana. Huko Sweden watu wazima vijana 121 waligawanywa makundi mawili, moja likapasuliwa mapema, jingine likaanza na mazoezi ya tiba na kupasuliwa pale tu goti lilipogoma. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana, na sehemu kubwa ya kundi la pili, karibu sita kati ya kumi, walikuwa hawajahitaji kisu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2010.

Hata hivyo, binti wa miaka 17 anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka na kuruka mara nyingi atashauriwa upasuaji, hasa kama goti linateguka akitembea au menisko inahitaji kushonwa. Unafanywa kwa matundu madogo, na ligamenti mpya hutengenezwa kwa kano lake mwenyewe, kutoka chini ya kilegesambwa, nyuma ya paja, au mbele ya paja juu ya goti. Kama bado anakua, muulize daktari wazi jinsi atakavyozikwepa sehemu za mfupa zinazokua. Muulize pia pandikizi litatoka wapi na kwa nini, na nani atamsimamia mazoezi baada ya nyuzi kutolewa. Swali la mwisho ndilo kubwa. Upasuaji mzuri bila fiziotherapia ni pesa iliyopotea.

Hatua ya sita: miezi tisa

Alexia Putellas wa Barcelona alichanika ACL Julai 2022, siku moja kabla ya Euro kuanza Uingereza. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023, na Agosti akabeba Kombe la Dunia na Hispania. Huyo wakati huo ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa dunia, akiwa na klabu yenye kila mtaalamu, na bado ilimchukua karibu miezi kumi. Anayekuambia binti yako atacheza baada ya miezi minne mwache aendelee na safari zake.

Wiki mbili za kwanza kazi kubwa ni kunyoosha. Akae kitandani, kanga iliyoviringishwa iwekwe chini ya kisigino, si chini ya goti, ili goti lining'inie na kunyooka kwa uzito wake. Mto chini ya goti unapendeza, na ndio unaoleta kilema cha kutonyooka. Akaze paja kwa sekunde tano, aachie, mara kumi, kila saa akiwa macho, kisha ainue mguu ulionyooka bila goti kulegea. Magongo yasitupwe mpaka atembee bila kuchechemea. Kigimbi kikivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha na homa ikapanda, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya sita: baiskeli ya kukaa, kuchuchumaa kidogo, kupanda ngazi taratibu. Kuanzia hapo hadi mwezi wa tatu ni nguvu, nguvu, nguvu. Mguu mmoja mmoja, uzito ukiongezeka. Ndoo ya maji ya lita kumi inatosha pale ambapo hakuna vyuma. Kukimbia taratibu huanza karibu mwezi wa nne kama goti halivimbi na paja lina angalau asilimia 70 ya nguvu za jingine. Kuruka, kukata kona na mpira hufuata kwa mpangilio huo, na goti likivimba kesho yake, unarudi hatua moja nyuma.

Hatari iko mwezi wa tano na wa sita. Maumivu yameisha, anatembea vizuri, mashindano yamekaribia. Pandikizi kwa ndani bado linajijenga. Utafiti wa Oslo na Delaware ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa karibu nusu.

Hatua ya saba: vipimo vya kurudi

Kalenda peke yake haitoshi. Chora mstari chini, chukua futi ya kupimia. Aruke kwa mguu mmoja mbele kadiri awezavyo, atue kwa mguu uleule na abaki amesimama bila kuyumba kwa sekunde mbili. Mara tatu kila mguu, chukua ndefu zaidi. Mguu mzima ukifika sentimita 140, uliopasuliwa ufike angalau 126, yaani asilimia 90. Rudia kwa miruko mitatu mfululizo. Kisha ahesabu mara ngapi anaweza kuinuka kutoka kwenye kiti kwa mguu mmoja, na nguvu za paja zipimwe kwa mashine kama ipo. Angalia kitu kimoja: ndani ya miezi hiyo mguu mzima nao umedhoofika, kwa hiyo asilimia 90 ya mguu dhaifu ni ushindi wa karatasi. Kama una rekodi zake za kabla ya kuumia, linganisha na hizo. Ile video ya kujidondosha kutoka kwenye boksi nayo irekodiwe upya.

Muulize pia kama anaogopa. Anayefikiria goti lake anapoenda kudaka mpira bado hajawa tayari, hata kama namba zinasema ndiyo, na hilo halitibiwi kwa kumwambia ajikaze. Mrudishe kidogo kidogo: mazoezi bila kugusana, kisha ya kugusana, kisha dakika 15 za mwisho za mechi, kisha kipindi kimoja. Kati ya vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huchanika tena, na mara nyingi ni goti lile jingine, lililokuwa zima. Kwa hiyo zile dakika ishirini anazifanya kwa miguu yote miwili, kuanzia siku anarudi mpaka siku anaacha kucheza.